Kifungu cha Tisa

Kwenye jengo la Bunge, ghorofa ya pili, mwisho wa ujia mwembamba unaonuka gundi na wino wa mashine, kulikuwa na chumba cha uhakiki, na katika chumba hicho alifanya kazi mwanamke aliyeitwa Bi Nukta. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake, lakini hakuna aliyelitumia. Miaka ya mwanzo walimwita Bi Nukta kwa kificho. Siku moja akasikia, akavua miwani, akasema, "Afadhali nukta kuliko doa," na tangu hapo wakamwita hivyo mbele ya uso wake bila woga. Ama tuseme bila woga wa jina, maana woga wa mwenyewe ulibaki palepale.

Alikuwa mkali, na mimi sitamsetiri kwa hilo. Makarani walipunguza sauti walipopita mlangoni pake. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kwenye meza ileile, na hakuna sheria hata moja iliyotoka mezani hapo ikiwa na kosa. Alilijua hilo, alilisema, na akiona wengine wamesahau kulisema aliwakumbusha.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Bunge likishapitisha muswada, hupigwa chapa nakala safi kwenye karatasi nzito, nayo ndiyo hupelekwa kwa mkuu wa nchi kutiwa saini. Kabla haijatoka, watu wawili huketi wakitazamana. Mmoja, msomaji, hushika nakala kuu, ile yenye muhuri wa buluu wa Katibu wa Bunge kila ukurasa, akaisoma kwa sauti kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Wa pili, mhakiki, huishika nakala safi na kuifuata mstari kwa mstari kwa rula. Msomaji haruki kitu. Husoma hata mikato na mabano, kiasi kwamba mgeni akipita ujiani humdhania mtu amepandisha maruhani: "Kifungu cha nne mkato kifungu kidogo cha pili mkato fungua mabano..." Wakimaliza, wote wawili hutia saini kwamba nakala imesomwa neno kwa neno.

Msomaji wake alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne waliyemwita Redio, kwa sababu ya sauti yake nene isiyopanda wala kushuka. Alimwita Bi Nukta "mama", kwa heshima na kwa tahadhari. Alikuwa na barua moja ya onyo kwenye faili lake, ya kuchelewa kazini, na kanuni za pale zilisema barua ya pili ni ya kwaheri.

Sheria iliyokuwa mezani wiki hiyo ilikuwa gumzo la mji mzima. Nchi ilikuwa inaanzisha Wakala wa Anga za Juu, wa kurusha vyombo vya kutazama mvua, misitu na mazao, na kuchunguza huko juu kwa njia ya amani. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Fundi wa lifti, aliyekuja kuitengeneza kwa mara ya tatu mwezi huo, alisema, "Lifti imegoma kufika ghorofa ya nne, nyinyi mnataka mwezini?" Redio naye alisema yeye hata ngazi ya kubadilishia balbu inamtia kizunguzungu. Lakini Bungeni hakukuwa na mzaha. Wabunge walibishana siku tatu juu ya kifungu kimoja, cha tisa, na siku ya mwisho, dakika za mwisho, kikabadilishwa.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, ingawa asubuhi ile hakuna aliyejua.

Saini ilipangwa kuwekwa saa kumi jioni, mbele ya wageni na kamera. Kawaida chumba cha uhakiki hupewa siku mbili; safari hii walipewa asubuhi moja. Saa mbili kamili nakala safi ilikuwa tayari, lakini nakala kuu yenye muhuri ilikuwa bado ofisini kwa Katibu. Bi Nukta hakupenda kukaa kama mtu anayesubiri basi. Akaenda kwenye kompyuta ya uchapaji, akatoa nakala nyingine kwenye karatasi ya kawaida, akampa Redio.

"Anza na hii," alisema. "Yenye muhuri ikija tutabadilisha, turudie tulipoanzia."

Si mara ya kwanza kufanya hivyo. Wenyewe waliiita nakala ya kutangulizia, na kila mara yenye muhuri ilipofika waliiweka hii kando na kuanza upya. Ni njia ya kuzoesha macho, alisema Bi Nukta, na pengine ilikuwa kweli. Lakini asubuhi hiyo simu ya mezani ililia mara saba. Katibu Msaidizi alipita mara tatu kuuliza wamefika wapi. Katikati ya purukushani hizo tarishi akaingia, akaweka bahasha ya kaki kwenye trei, akatoka kimyakimya kwa sababu aliogopa kumkatiza Bi Nukta akiwa kazini. Redio akaendelea kusoma. Bi Nukta akaendelea kufuata kwa rula. Saa tano na nusu wakamaliza kurasa arobaini na moja, wakatia saini, na nakala safi ikachukuliwa kwenda kufungwa kwa jalada la kijani.

"Makosa mangapi?" aliuliza Katibu Msaidizi.

"Hakuna," alisema Bi Nukta.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Ilipofika saa saba alikuwa ameketi na kikombe cha chai kilichopoa, na neno lile likaanza kumkera. Hata moja. Tangu lini? Hata sheria fupi ya kurasa tatu huwa na mkato ulioanguka au namba iliyorudiwa. Ndiyo maana kazi yake ipo. Kurasa arobaini na moja, zilizochapwa na watu wenye usingizi, ziwe safi kama sahani ya mgeni? Alijaribu kujipongeza, ikashindikana. 

Akazitazama karatasi alizosoma Redio, zilizolala upande wa pili wa meza. Akazivuta. Ukurasa wa kwanza, mweupe. Wa pili, mweupe. Akafunua zote arobaini na moja, na hakuna palipokuwa na buluu. Wamesoma karatasi mbili zilizotoka kwenye kompyuta moja. Wameifananisha nakala na pacha wake, halafu wakashangilia kwamba zinafanana!

Bahasha ya kaki ilikuwa kwenye trei, gundi yake haijaguswa.

Aliifungua kwa rula maana mkasi hakuuona. Hakuhangaika na vifungu vingine, alikwenda moja kwa moja kwenye cha tisa. Nakala yenye muhuri ilisema: "Wakala hautatengeneza, hautanunua wala hautarusha chombo chochote kwa ajili ya vita, na agizo la mtu yeyote, hata Waziri, litakalokwenda kinyume na kifungu hiki ni batili." Nakala aliyoitia saini, iliyokuwa sasa inavalishwa jalada la kijani, ilisema: "Wakala unaweza, kwa maelekezo ya Waziri mwenye dhamana ya ulinzi, kutengeneza, kununua au kurusha chombo kwa kazi yoyote atakayoielekeza." Badiliko la dakika za mwisho lilikuwa limeandikwa kwa mkono kwenye kipande cha karatasi. Likafika kwa Katibu, likagongwa muhuri, lakini kwenye kompyuta ya uchapaji halikufika. Kukamata kitu kama hicho ndiko kulikokuwa kazi ya meza ile.

 Alisoma mara ya pili, na ya tatu, kana kwamba maneno yangemwonea huruma yakajirekebisha. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, wahenga walishasema. Alitoka mbio, akasahau miwani, akarudi kuichukua, akatoka tena. Alipokuwa anashuka ngazi alijaribu kufikiri kama mtu mwenye akili zake. Nani mwingine ataiona? Nakala yenye muhuri ingerudi kabatini. Mwaka ungeweza kupita bila mtu kugundua. Yeye alikuwa amebakisha mwaka mmoja na miezi minne astaafu, aagwe kwa hotuba, na kwenye hotuba hiyo waseme miaka yote hiyo hakuna kosa. Alishaisikia hotuba yenyewe kichwani mara nyingi, msimlaumu. Na sasa alijichukia kwa kuisikia tena hapo kwenye ngazi.

Redio alikuwa kantini, peke yake mezani, anachezea chakula kwa kijiko.

"Redio," alisema akivuta kiti. "Bahasha hatukuifungua. Tumesoma ya kutangulizia mpaka mwisho."

Redio alikiweka kijiko chini taratibu. Hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha Bi Nukta kuliko kitu chochote siku hiyo.

"Najua, mama," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilipofika kifungu cha tisa nilijua. Mke wangu husikiliza matangazo ya Bunge akiwa jikoni, nami nilikisikia siku kinapitishwa. Hakikuwa hivi. Nikasita, hukuona? Ukaniambia, 'Endelea, usilale.'"

Bi Nukta alikumbuka. Alikuwa amegonga meza kwa rula aliposema hivyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Redio alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mwaka jana nilikuambia namba imerukwa kwenye ile sheria ya bandari. Ukaniambia nimelala. Ukanisimamisha mbele ya makarani nisome kurasa themanini upya, nimesimama, na namba ilipoonekana kweli imerukwa ukasema, 'Hata saa mbovu huonyesha saa ya kweli mara mbili kwa siku.' Wote wakacheka. Mama, nilisema moyoni, huenda mimi ndiye nimesikia vibaya. Bi Nukta hakosei."

  Bi Nukta uso ulimwaka kwa aibu, aibu ya kweli, ile inayofika mpaka masikioni.

"Tukinyamaza je?" alisema Redio kwa sauti ya chini. "Kanuni inasema anayeshika nakala kuu ndiye anayewajibika nayo. Huyo ni mimi. Nikipata barua ya pili niko barabarani, na mke wangu ana mimba ya miezi saba. Pengine hawatakitumia hicho kifungu kabisa. Pengine watarusha vyombo vyao vya kutazama mvua, basi."

"Pengine," alisema Bi Nukta.

Na kwa muda alioweza kuuhesabu kwa mapigo ya moyo wake, alilitaka neno lile liwe kweli. Lakini yeye ndiye aliyewasikia wabunge siku tatu, kupitia ukuta, wakipiga meza juu ya kifungu hicho. Watu wazima hawapigi meza siku tatu kwa kitu ambacho hakitatumika. Na hata mtoto anajua chombo cha kupiga picha mawingu si sawa na kombora.

"Maliza kula," alimwambia. "Halafu nenda kaketi mezani kwetu, unisubiri. Usiseme na mtu."

"Utasema nini huko juu?"

"Ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba ulisoma nilichokupa."

Katibu Msaidizi alikuwa mtu mpole mwenye kipara na dawa za kiungulia kwenye droo. Alimsikiliza Bi Nukta akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akasimama tena kwenda kufunga mlango. Saa nane kasorobo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, Redio, na sasa wewe."

Alitafuna kidonge. "Sikiliza, dada yangu. Mabalozi wameshaalikwa. Tuache itiwe saini, halafu wiki ijayo tutoe tangazo la masahihisho. Limeshafanyika mara ngapi?"

"Tangazo husahihisha kosa la chapa. Hili si kosa la chapa, bosi. Bunge limesema hapana, sisi tumeandika ndiyo. Ikishatiwa saini, ndiyo hiyo itabaki."

"Wewe ni mhakiki, si mwanasheria."

"Kweli. Basi mpigie mwanasheria, aje aniambie nimekosea. Leo niko tayari kuambiwa."

Katibu Msaidizi alimtazama. Nadhani alitafuta namna ya kumkasirikia, asiipate. "Unaelewa nikiinua simu hii, jina litakalotajwa ni lako? Miaka ishirini na sita, bibie. Watu hawatakumbuka hiyo mingine."

"Naelewa." Alivuta karatasi tupu, akaisogeza mbele yake. "Na kijana hana kosa. Mimi ndiye niliyetoa karatasi kwenye mashine, nikampa mkononi. Niandikie hilo, nitie saini."

Hakusema kwamba Redio alikuwa ametambua akanyamaza. Aliona kosa hilo pia lilikuwa lake.

Simu iliinuliwa. Kilichosemwa upande wa pili hakikusikika, ila Katibu Msaidizi alisema "ndiyo mheshimiwa" mara tisa na "naomba radhi mheshimiwa" mara nne. Alipoweka simu chini shati lake lilikuwa limeloa makwapani. Shughuli itasogezwa mpaka saa kumi na moja, alisema. Ukurasa wenye kifungu cha tisa uchapwe upya, sheria nzima isomwe upya kwa nakala yenye muhuri, ifike kabla ya saa kumi na nusu. Bi Nukta amesimamishwa kazi, uchunguzi ufanyike. "Kuanzia ukimaliza kusoma," aliongeza kwa kigugumizi, "maana sina mtu mwingine."

Saini ya mhakiki haingeweza kuwa ya mtu aliyesimamishwa; ya msomaji Katibu Msaidizi alikubali kuivumilia. Kwa hiyo walibadilishana viti. Redio akaketi upande wa rula, na kiti kikamkaa kama nguo ya kuazima. Bi Nukta akashika nakala yenye muhuri, akaanza kusoma.

Tangu aajiriwe hakuwahi kusoma upande ule. Alijua kusikiliza, hakujua uchovu wa ulimi. Alisoma vifungu vinane salama. Alisoma cha tisa polepole, kila neno, na Redio akaitikia, "Sawa." Mlangoni makarani walikuwa wamekusanyika, maana habari mbaya haina ngazi wala lifti, inafika tu. Alihisi macho yao shingoni.  Kifungu cha kumi na tatu, cha kumi na nne. Saa tisa na nusu. Akafungua ukurasa, akasoma, akaendelea.

Rula ya Redio ilisimama.

Bi Nukta alisoma maneno mengine manne, kisha akanyamaza. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa.  

"Mama," alisema hatimaye, "umeruka mstari."

Kuna karani mmoja alirudi nyuma hatua moja, kama anayepisha kitu kitakachorushwa. Bi Nukta alirudisha macho juu, akatafuta kwa kidole. Ulikuwepo, mstari mzima, na macho yake yalikuwa yameupita kama jirani mliyenuniana naye.

"Ni kweli," alisema. "Nimeuruka. Asante." Kisha, kwa sauti ambayo ilimgharimu, "Nikikosea tena, niambie palepale. Usisite."

Alikosea tena mara mbili. Redio alimwambia mara zote mbili, ya pili bila kusita. Nakala safi ilikutwa na makosa sita, madogomadogo, yaliyorekebishwa palepale, na Bi Nukta aliyapokea kama mgonjwa anayesikia homa imeshuka. Saa kumi na dakika ishirini na tano sheria ilitoka ikiwa kwenye jalada lake, mikononi mwa dereva aliyekuwa anakimbia.

Barua ya kusimamishwa ilikuwa tayari ilipofika saa kumi na moja. Redio alishuka naye hadi getini, amembebea mkoba. Kwenye chumba cha walinzi televisheni ilikuwa inaonyesha wageni wakisimama na kupiga makofi, na kalamu ikiondoka juu ya karatasi. Walinzi walikuwa wanacheka, wakiulizana nani kati yao atakayelinda geti la huko mwezini. Bi Nukta alitazama mpaka jalada lilipofungwa. Alitegemea atasikia nafuu. Alisikia hofu ileile, ila sasa ilikuwa imehamia kwingine, kwenye jambo alilotakiwa kulisema nyumbani.

Akampigia simu binti yake, mwanawe wa pekee, mwalimu wa hesabu, aliyekulia chini ya rula ileile na akahamia nyumba ya kupanga mara tu alipopata kazi.

"Nimesimamishwa kazi," alisema.

"Wamekuonea! Nani? Nani amefanya kosa?"

"Hakuna aliyenionea. Kosa ni langu."

Upande wa pili kalamu iliwekwa mezani.

"Wewe, mama?"

"Mimi."

Alisikia binti akivuta pumzi, kiti kikisogezwa, funguo zikitafutwa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa laini kwa namna ambayo Bi Nukta hakuwa ameisikia tangu mtoto akiwa mdogo.

"Nije nikuchukue?"

Miaka yote alikuwa akijibu maswali ya namna hiyo kwa neno moja, "nitajimudu", na watu walikuwa wameacha kuuliza. Redio alikuwa amesimama na mkoba mkononi, anatazama pembeni kwa adabu. Bi Nukta akaegemea ukuta wa geti, machozi yakimtoka mbele ya walinzi na kila apitaye.

"Njoo," alisema. "Njoo, mwanangu."